Mkono wa glavu, boksi la simu au miwani ya VR: kuchagua kifaa cha kuchunguzia fahamu, Arusha na Moshi

Anayetaka kuchunguza fahamu ya binadamu kwa uhalisia pepe (VR), awe Tengeru kwenye Taasisi ya Nelson Mandela au Moshi upande wa hospitali ya KCMC, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya miwani. Bei ije baadaye. Kwanza aamue anauliza nini, maana neno "fahamu" lina mizigo miwili. Tukisema mgonjwa amepoteza fahamu tunataja kiwango: anaitika au haitiki, anafungua macho au hafungui. Hicho hupimwa kitandani kwa kipimo cha Glasgow kinachotumika tangu 1974, na miwani ya VR haikiongezei kitu. Mzigo wa pili ni yale yaliyomo ndani ya fahamu ya mtu aliye macho: mkono huu ni wangu, nimesimama hapa, naona rangi hii. Hapo ndipo VR ina kazi, na hata hapo kuna nyakati inashindwa na vitu vya dukani vya bei ndogo.

Vifaa tunavyolinganisha ni vinne: meza yenye mkono wa bandia, boksi la kadibodi lenye lenzi mbili linaloshika simu, miwani ya VR inayojitegemea, mfano Meta Quest 3 au 3S, na miwani yenye kamera za kufuatilia macho iliyofungwa kwenye kompyuta yenye kadi nzito ya picha.

Swali la mkono: meza inashinda

Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha kwamba mtu akitazama mkono wa mpira ukipapaswa kwa brashi, huku mkono wake halisi uliofichwa ukipapaswa vilevile kwa wakati uleule, huanza kusikia mguso pale ulipo mpira. Mwaka 2008 Mel Slater na wenzake walipata kiinimacho hichohicho kwa mkono uliochorwa na kompyuta. Kwa hiyo njia zote mbili zinafanya kazi. Tofauti iko kwenye kinachoharibika.

Kwa meza unahitaji glavu mbili za jikoni za aina moja, pamba, kipande cha kadibodi cha urefu wa sentimita 40 hivi, kitenge, brashi mbili za rangi zinazofanana na futikamba. Glavu moja ijaze pamba hadi vidole vikae kama vya mtu, nyingine avae mshiriki. Usikimbilie mkono wa sanamu ya duka la nguo. Mingi ni myeupe, na ingawa rangi tofauti haizuii kiinimacho, utakuwa umeingiza jambo jingine kwenye utafiti bila kuliuliza. Glavu mbili za rangi moja zinalimaliza suala hilo.

Weka mkono wa glavu sentimita 15 kutoka mkono halisi, upande wa katikati ya mwili, vidole vikielekea upande uleule. Simamisha kadibodi kati ya mikono hiyo miwili, kisha funika kwa kitenge kuanzia begani mpaka kwenye kifundo cha mkono wa glavu. Kabla ya kuanza, mshiriki afumbe macho na aonyeshe kwa kidole cha mkono mwingine, chini ya meza, mahali kidole chake cha shahada kilipo. Andika kipimo. Papasa vidole viwili vya shahada kwa mapigo 60 kwa dakika kwa dakika 2, ukifuata mdundo unaousikia wewe peke yako kwenye sikio moja. Kisha aonyeshe tena. Tofauti ya sentimita kati ya vipimo viwili ndiyo msogeo. Rudia kwa hali ya kulinganishia: mapigo yaleyale, ila mkono halisi uguswe nusu sekunde baada ya glavu. Nusu ya washiriki waanze na hali ya kwanza, nusu na ya pili, na kati ya hali hizo mshiriki avue glavu na kuchezesha vidole dakika chache, vinginevyo msogeo wa kwanza unabaki ukichafua wa pili.

Makosa yanayojirudia ni haya. Brashi inapita kwenye pingili tofauti za vidole. Mkono wa glavu umegeuzwa kuelekea upande mwingine, na hilo peke yake linaua kiinimacho. Mikono imetengana mno. Ukikaribia sentimita 30 nguvu inapungua sana. Mtafiti amechoka, kwa hiyo mshiriki wa kumi anapata mapigo 45 pale wa kwanza alipopata 60. Na lililo baya kuliko yote: anayepapasa ndiye pia anayeuliza maswali, na anajua ni hali ipi.

Miwani ya VR inaondoa uchovu wa mkono wa mtafiti, lakini inaleta ucheleweshaji. Brashi unaifunga kwa utepe wa umeme kwenye kidhibiti cha miwani, na kwenye programu unachora brashi pepe inayofuata kidhibiti. Ukipapasa mkono halisi uliotulia mezani, mshiriki anaona brashi pepe ikipapasa mkono pepe. Usitegemee kamera za miwani kufuatilia mkono huo uliotulia. Upange mahali pake mara moja kwa kugusa ncha za vidole kwa kidhibiti, halafu mkono pepe ukae palepale. Kamera zikiachiwa kazi hiyo, mkono unatetemeka kila brashi inapoukinga, na mshiriki anagundua papo hapo.

Ucheleweshaji usibuniwe, upimwe. Rekodi kwa simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde, kidhibiti na lenzi moja ya miwani vyote vikionekana. Gonga meza, kisha hesabu fremu kati ya kugonga halisi na kugonga kunakoonekana kwenye lenzi. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Sotaro Shimada na wenzake walikuta mwaka 2009 kwamba kiinimacho kinastahimili ucheleweshaji wa hadi milisekunde 300 hivi, ndipo kinaanza kudhoofika. Kwa maneno mengine, mkono wa binadamu unaofuata mdundo unatosha kabisa kwa "pamoja" dhidi ya "si pamoja". Lakini kama swali lako ni tofauti kati ya milisekunde 100, 200 na 300, hakuna mtu atakayeipata kwa mkono. Hapo nunua miwani, ukijua kwamba kwa fremu 72 kwa sekunde hatua ndogo kabisa unayoweza kupanga ni milisekunde 13.9, na kwa fremu 90 ni 11.1.

Mtego mmoja umeharibu kazi nyingi: mtafiti anarusha picha ya miwani kwenye televisheni na kupapasa akitazama televisheni. Picha hiyo inachelewa nyuma ya ile ya ndani ya miwani, na kuirusha kunaipunguzia miwani nguvu. Papasa ukitazama mkono halisi.

Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza inayouliza umiliki wa mkono, chukua meza. Fedha ya miwani iende kwenye nauli na posho za washiriki, uwapate 40 badala ya 15.

Mwili mzima: hapa hakuna mbadala

Mwaka 2007 majaribio mawili yalichapishwa, la Henrik Ehrsson na la Bigna Lenggenhager, Olaf Blanke na wenzao. Kwenye hilo la pili mshiriki alivaa miwani akaona mgongo wake mwenyewe, uliorekodiwa na kamera mita 2 nyuma yake, ukipapaswa wakati anausikia mpapaso. Baadaye, alipoambiwa arudi mahali alipokuwa amesimama, alikosea kuelekea ule mwili aliouona mbele yake. Meza na glavu haziwezi kufanya hivyo. Wala haziwezi kumpa mtu mzima mwili wa mtoto, kama Domna Banakou na wenzake walivyofanya mwaka 2013, washiriki wakaviona vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo.

Miwani inayojitegemea inatosha kwa kazi hii, kwa sharti moja. Inafuatilia kichwa, mikono na sehemu ya juu ya mwili tu, miguu inaikisia. Mshiriki akisimama na kuinua goti, mguu pepe haumfuati na imani inavunjika. Mkalishe kwenye kiti, chora na kiti pepe mahali hapohapo, na weka kioo pepe mbele yake ili aone mwili huo unamfuata. Mpe dakika 3 za kuchezesha mikono mbele ya kioo kabla ya kupima chochote.

Kati ya Quest 3 na 3S, chipu ni ileile. 3S ilitoka mwaka 2024 kwa dola 300 hivi, kabla ya usafiri na kodi, na kwa kazi ya mwili inatosha. Ina mapungufu mawili yanayomhusu mtafiti: umbali kati ya lenzi mbili una nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68, wakati Quest 3 inazungushwa taratibu kati ya 58 na 71; na haina tundu la spika za masikioni. Ukitumia Bluetooth, sauti inachelewa. Kama mdundo au sauti ni sehemu ya jaribio, lipia Quest 3.

Boksi la simu likatae moja kwa moja kwenye sehemu hii. Linajua kichwa kimegeuka upande gani, halijui kimesogea wapi. Mshiriki akiinama mbele, dunia nzima inainama naye. Mwili pepe unaelea, na kichefuchefu kinafuata.

Swali la kuona: boksi la simu linapata heshima yake

Charles Wheatstone alieleza mwaka 1838 kwamba jicho moja likipewa picha hii na jingine picha ile, mtu hazioni zikichanganyika; zinapokezana kila baada ya sekunde chache. Kinachofika machoni hakibadiliki, kinachobadilika ni kilicho ndani ya fahamu. Kwa anayesoma fahamu, kifaa safi kuliko hiki ni vigumu kukipata, na hakihitaji kufuatilia kichwa hata kidogo. Boksi la kadibodi na simu yenye kioo kizuri vinatosha.

Chora mistari ya kuegemea kushoto kwa jicho moja na ya kuegemea kulia kwa jingine, ndani ya duara dogo. Kuzunguka kila duara weka fremu nene inayofanana kabisa. Bila fremu hiyo macho hayana cha kushikilia, picha mbili zinaelea pembeni kwa pembeni, na mshiriki anaripoti "naona zote" kwa sababu isiyo na uhusiano na fahamu. Mshiriki abonyeze kitufe kimoja akiona hii, kingine akiona ile, na asibonyeze chochote zikichanganyika. Kwenye simu, zima mwangaza wa kujirekebisha wenyewe.

Hapa jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu imegeuka vipi, haihitajiki. Ukitaka boksi hilohilo lionyeshe mandhari ya pande zote, kumbuka kwamba simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu. Picha itaganda kichwa kikigeuka. Ikague simu kwa programu ya kuonyesha vihisi kabla ya kulipa.

Njia iliyofuata, ya Naotsugu Tsuchiya na Christof Koch ya mwaka 2005, inamwagia jicho moja vipande vya rangi vinavyobadilika takriban mara 10 kwa sekunde, na picha iliyo kwenye jicho la pili inafichika kwa muda mrefu zaidi. Ifanye kwenye Quest, ambako unajua kila fremu inatoka lini. Simu hupunguza kasi ikipata joto. Na mwenye kifafa, au aliyewahi kuanguka kwa sababu ya taa za kumeta, asishiriki. Muulize kabla hajaketi, faraghani, si mbele ya wenzake.

Miwani ya kufuatilia macho ina swali lake peke yake: mtu anatazama wapi sasa hivi, na je, tukimbadilishia pale asipotazama ataona? Michael Cohen, Thomas Botch na Caroline Robertson walifanya hivyo mwaka 2020. Waliondoa rangi pembeni mwa mandhari, wakibakiza kiini pale jicho linapotua. Karibu theluthi moja ya watu hawakugundua, hata rangi ilipobaki kwenye chini ya asilimia 5 ya kinachoonekana. Hakuna kifaa kingine kati ya vinne hivi kinachoweza swali hilo. Quest 3 na 3S hazifuatilii macho.

Gharama yake haiko kwenye miwani tu. HTC Vive Pro Eye ya mwaka 2019, inayopima macho mara 120 kwa sekunde, inataka tundu la DisplayPort ambalo kompyuta mpakato nyingi hazina, pamoja na vinara viwili ukutani vinavyoisaidia miwani kujua ilipo, kila kimoja na umeme wake. Kompyuta mpakato ikibaki kwenye betri inapunguza nguvu ya kadi ya picha, fremu zinaruka, mshiriki anapata kizunguzungu. Kwa hiyo umeme ukikatika simamisha kipindi, usiendelee kwa sababu kioo bado kinawaka. Na jambo dogo linalokula nusu ya siku: wanja mzito, maskara na kope za bandia huzichanganya kamera za macho. Sema kwenye ujumbe wa mwaliko, usingoje mtu afike.

Chumba chenyewe

Miwani inayojitegemea inajua ilipo kwa kuangalia kuta. Kuta nyeupe tupu zinaipoteza. Bandika mabango, hata kalenda za zamani. Funika vioo na madirisha makubwa. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa za tyubu hupepesa kwa kuufuata, mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mipangilio chagua 50 badala ya kuiachia miwani ijichagulie. Usiiache kamwe miwani lenzi zikielekea dirishani: jua likipita kwenye lenzi linachoma kioo cha ndani, na alama hiyo haitoki.

Asubuhi za Juni na Julai Arusha, lenzi baridi hushika ukungu mara tu zinapofika usoni. Ipashe miwani kwa kuiwasha dakika 10 kabla. Moshi tatizo ni jasho, hivyo weka kifuniko cha silikoni kinachofutika na usizidishe dakika 20 kwa kipindi. Betri inakaa saa 2 hivi. Washiriki watatu, kisha chaji.

Misuko mikubwa na vilemba vinazuia mkanda wa juu. Mkanda ulegezwe mpaka mwisho kabla ya mtu kufika, na mwenye hijabu avae miwani juu ya hijabu mwenyewe bila kushikwa kichwa. Usimwondoe mtu kwenye utafiti kwa sababu ya nywele: ukifanya hivyo kwa wiki mbili, utakuta sampuli yako ni wanaume watupu.

Baada ya kipindi mshiriki aketi dakika 15. Aliyekuja na bodaboda yake mwenyewe asiondoke mapema.

Dodoso: pale Kiswahili kinapoamua matokeo

Vifaa vyote vinne vinaishia kwenye maneno ya mshiriki, na hapa ndipo kazi nyingi zilizotafsiriwa haraka zinapoanguka. "Nilihisi mguso" si salama kama inavyoonekana, maana "kuhisi" ni pia kudhania: nilihisi atakuja. "Niliona kana kwamba" inamvuta kwenye macho, ilhali unauliza ngozi. Watu wengi husema nasikia baridi, nasikia maumivu, na kwa mguso kitenzi hicho ndicho cha kawaida. Ila akiwa na spika masikioni "nilisikia" inaweza kurudi kwenye sauti. Andika kwa urefu: "Nilisikia mwilini kama brashi inanigusa pale palipokuwa na mkono wa glavu." Kwa umiliki usiandike "niliumiliki mkono", hiyo ni lugha ya shamba na hati. "Ilikuwa kama mkono ule ni wangu" inatosha.

Dodoso la 1998 lilikuwa na kauli tisa, tatu za kiinimacho na sita za kulinganishia, kwa ngazi saba kutoka kukataa hadi kukubali, ambazo wengi huziandika -3 hadi +3. Namba hasi zinachanganya watu; tumia maneno kutoka "si kweli kabisa" hadi "kweli kabisa" na uweke namba mwenyewe baadaye. Kauli za kulinganishia, kama "ilikuwa kama nina mikono mitatu", usizikate kufupisha kazi. Zinakukinga na heshima. Mshiriki anayemwita mtafiti "daktari" au "mwalimu" huwa tayari kukubali kila kitu, na kauli hizo zinamfichua. Msomaji wa dodoso awe mtu mwingine, asiyejua hali. Kwa wanaozungumza Kimaasai au Kichaga nyumbani, waombe wakueleze kila kauli kwa maneno yao kabla ya kuanza.

Tahadhari hii si ya mezani pekee. Peter Lush na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba wanaoitika zaidi kwa maelekezo ya kudokezwa ndio pia wanaoripoti kiinimacho cha mkono kwa nguvu zaidi. VR yenye picha nzuri inaongeza matarajio, haiyaondoi. Kwa hiyo neno "kiinimacho" lisitajwe kwa mshiriki, na kwenye jaribio la kuona mgongo usiseme atatoka nje ya mwili wake. Kuna anayeuunganisha usemi huo wa kutoka mwilini na roho na mapepo, naye anastahili kujua kinachotokea hasa: "Utaona mgongo wako kupitia kamera iliyo nyuma yako. Unaweza kuvua miwani wakati wowote."

Kibali cha kamati ya maadili ya taasisi kinahitajika hata kwa glavu na brashi. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kwa miwani kuna la ziada. Mwaka 2020 Mark Roman Miller na wenzake waliwatambua watu 511 kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia mwendo wa kichwa na mikono wa chini ya dakika 5. Faili la mwendo bila jina bado linamtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Fungua akaunti ya miwani kwa jina la mradi, hifadhi faili kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, na kwenye fomu ya ridhaa andika wazi kwamba mwendo wa kichwa chake unarekodiwa na utafutwa lini.